Nani Atakimbia na Kisu?

Mie ni mpishi. Sijisifu, nasema kwa sababu usipolijua hilo hutaelewa hasira niliyokuwa nayo mwaka ule. Bagamoyo mjini ikitokea harusi, hitima au maulidi, naitwa mimi. Watu wamekula pilau langu wakalamba vidole mbele ya wakwe zao bila haya. Maishani sijawahi kurudishiwa sahani ina chakula. Mtu wa kwanza kunirudishia alikuwa baba mkwe wangu, na alinirudishia mchana na jioni, siku baada ya siku.

Mama mkwe alikuwa amefariki. Miaka yote wazee hao waliishi wawili tu Fukayosi, shambani kwao, na arobaini ilipopita mume wangu akasema hawezi kumwacha baba yake aongee na kuku. Yeye mwenyewe ndiyo kwanza alikuwa amestaafu kazi ya ofisini Dar, kazi ya kukaa, na tumbo lilionyesha. Tukafunga nyumba ya mjini tukahamia. Jiko la marehemu nililikuta kama alivyoliacha: vyungu, mbuzi ya kukunia nazi, na kisu kidogo kimechomekwa kwenye makuti ya paa. Kisu chenyewe kilikuwa kimenolewa mpaka bapa limebaki jembamba, kinanyoa. Nikajiuliza bibi wa umri ule alikuwa na ugomvi gani na mboga, maana hata mie mpishi visu vyangu havifiki hapo. Nikakichukua, kikawa changu cha kukatia kisamvu.

Mzee alikuwa mrefu, mkali, mbishi, na alikuwa anakwisha. Unampelekea wali na samaki, anatia tonge moja kwa adabu, anakwambia, "Ahsante mkwe wangu, nimeshiba."

"Umeshiba nini, baba?"

"Nimeshiba tu."

Tukampeleka hospitali. Daktari akampima huku na huku, hakuona ugonjwa. Akatuvuta pembeni akasema huyu ana majonzi, muulizeni anatamani kula nini, mpeni hichohicho, akiendelea hivi hatafika mbali. Tukamuuliza pale pale kwenye benchi. Mzee hakufikiri hata kidogo. "Kanga," akasema. "Kanga wa porini. Wa nazi."

Nikafurahi! Nikaona hili dogo. Nikatafuta jogoo mkongwe, mgumu, nikampika kwa tui zito na ndimu, nikamkatakata vipande vidogo ili umbo lisijulikane. Nikampelekea. Mzee akatafuna, akaacha kutafuna, akaniangalia.

"Huyu alikuwa analala bandani," akasema.

"Umejuaje, baba?"

"Ana raha. Nyama ya porini ina wasiwasi."

Akarudisha sahani. Nilirudi jikoni nikagombana na sufuria.

Sasa, lazima nieleze kwamba baba mkwe alikuwa na sifa ya uwindaji kuanzia Fukayosi mpaka Makurunge. Ujana wake alikuwa na gobore, lililosalimishwa serikalini zamani, na watu wa makamo pale kijijini bado walikuwa wakisimulia: alikuwa anapiga kanga kwa mbali, mbali hasa, na hata siku moja hakurudi na kibudu. Kibudu ni mnyama aliyekufa kabla ya kuchinjwa, na kwetu Waislamu hakiliwi, hata angekuwa mnono namna gani. Hiyo ndiyo ilikuwa ajabu yake. Wengine walipiga, wakafika ndege kashakata roho, wakaishia kuwapa watu wa kanisani. Yeye kila ndege aliyeingia nyumbani kwake alikuwa kachinjwa, damu imetoka, mambo safi. Watu walisema ana dawa.

Mume wangu, mtoto wa mtu huyo, hajawahi kuwinda hata panya wa stoo. Lakini alipomwona baba yake anajifunga shuka na fundo likawa linashuka chini ya mifupa ya nyonga, alitoka nje, akarudi macho mekundu, akasema, "Nitanunua bunduki ya upepo."

Haikuwa jambo la siku moja. Kulikuwa na vibali vya polisi, kulikuwa na vibali vya maliasili, na katikati ya hayo kulikuwa na jirani yetu mwalimu. Mwalimu huyo ni mstaafu, mtu wa bara, Msukuma, Mkristo wa kwaya, na kwa Wakwere kama baba mkwe ni mtani. Siku ya msiba wa mama mkwe alikalia majembe ya kuchimbia kaburi, akakataa kuinuka mpaka apewe kuku, na ndiyo mara pekee mzee alipocheka wiki ile. Alikuwa mtu mwema. Lakini alikuwa na simu kubwa yenye bando lisiloisha, na humo ndani alikuwa ameona kila bunduki ya upepo iliyowahi kutengenezwa.

Wakawa wanakaa barazani wawili, mume wangu na mwalimu, wanabishana mtutu mrefu na mtutu mfupi, darubini ya kuvuta hivi na ya kuvuta vile. Mwalimu alisema kanga ni ndege mwoga, ana macho, ukimkaribia anakimbia na ukoo mzima, kwa hiyo cha kutazama ni masafa tu. "Nunua inayofika mbali, bwana. Nguvu! Nguvu na masafa!" Mume wangu anaitikia kwa kichwa.

Mzee alikuwa amelala ndani, dirisha liko wazi, anawasikia. Siku moja mume wangu akaingia kwa unyenyekevu wote, akapiga goti. "Baba, wewe ndiye bingwa. Tuchague bunduki ya namna gani?"

"Nani atakimbia?" mzee akauliza.

"Nauliza bunduki, baba."

"Nami nauliza, nani atakimbia na kisu?"

Mume wangu akatoka akaniambia kwa sauti ya chini kwamba baba ameanza kupotea. Mwalimu akatikisa kichwa kwa huruma, akafungua video nyingine.

Tukaenda Dar kununua. Nilisema nakwenda naye, akasema bunduki si kitenge, nikamwambia nani atakayempika huyo ndege, nikapanda basi mbele yake. Muuzaji alikuwa kijana mstaarabu mwenye kofia ya kiua. Akatupa viti, akatuamkia, akauliza tunawinda nini.

"Kanga," mume wangu akasema, amepanua miguu. "Kwa mbali."

Kijana akatoa tatu, akaziweka juu ya meza moja moja. Ya kwanza unaivunja katikati kwenye mtutu, springi inajikaza, unafyatua. Rahisi, haina mambo, ila inaruka mkononi, na ndege akiwa mbali shabaha inapotea. Ya pili ina mpini wa kupampu ubavuni, unapampu mara kadhaa kwa kila risasi. Ya tatu ina mtungi wa hewa chini ya mtutu. Hii kijana aliishika kwa mikono miwili. Akasema haina mshindo, haina kuruka, ukiijaza hewa inapiga mara nyingi, na risasi inakwenda pale ulipoielekeza. Kisha akaeleza habari ya tundu la mtutu: ukichukua tundu dogo risasi ni nyepesi na ina kasi, lakini upepo wa pwani unaipeperusha; tundu kubwa risasi ni nzito, inatulia njiani, na ikifika imefika.

"Kubwa," mume wangu akasema. "Na ya mtungi."

Mie nikainua mkono kama niko darasani. "Samahani, mwanangu. Ndege akipigwa na hii, anakaa muda gani?"

"Anakaa wapi, mama?"

"Anakaa hai. Kabla hajakata roho."

Kijana akatabasamu kwa fahari. "Hakai, mama! Hii anaanguka pale pale, hata hatikisiki."

"Basi hiyo hatuitaki. Hii ya kwanza je?"

"Hii nayo inaua, mama. Zote zinaua."

"Huna isiyoua sana?"

Kijana akamtazama mume wangu kuomba msaada. Mume wangu alikuwa anatazama dari. "Mama anatania," kijana akasema.

"Mama hatanii," nikamwambia. "Wewe mwenyewe na hiyo kofia yako unakula kibudu? Mzee wetu anataka kanga aliyechinjwa. Akianguka mbali, na huyu bwana unamwona alivyo, nani atakimbia na kisu?"

Maneno yakanitoka tu, nikashtuka kwamba nimesema maneno yaleyale ya mzee. Kijana akajikuna chini ya kofia. Alikiri kwamba tangu aanze biashara hajaulizwa swali hilo. Watu wote huja wakitaka inayoua zaidi. Akashauri kwa upole tuchukue ya pampu, isiyo na nguvu nyingi, mume wangu asogee karibu.

"Kanga hasogelewi," mume wangu akasema. "Nitakimbia mimi."

"Wewe?"

"Mimi, ndiyo. Nilicheza mpira."

Alicheza mpira kabla hatujaoana, na wakati huo tulikuwa tayari na wajukuu. Nikamwambia mchagua nazi hupata koroma. Akalipa.

Ile ya mtungi ilikuja na pampu yake ya kusimama, kama ya baiskeli, ila ya baiskeli ni mchezo wa watoto. Kuijaza ilikuwa kazi ya mwili mzima. Mume wangu alikuwa akining'inia juu ya mpini, miguu inaacha ardhi, na mpini haushuki. Anampa mwalimu zamu, mwalimu anaimba pambio ili apate nguvu. Asubuhi ya kwanza kanga wenyewe walikuja ukingoni mwa shamba, kundi zima, wakawatazama, wakafukua mbegu zetu za mahindi, wakala, wakaondoka. Bunduki ilikuwa haijajaa.

Lakini ilipojaa, loo! Sitamnyima mume wangu haki yake. Alijifunza kwa kopo la chumvi, akawa na shabaha ambayo hata yeye ilimshangaza. Siku ya kwanza ya kweli alilala kifudifudi nyuma ya kichuguu, akasema Bismillahi, akafyatua. Kule mbali, ng'ambo ya shamba, kanga mmoja akalala chini. Mume wangu akaruka na kisu mkononi, akakimbia. Yaani uliokimbia ni moyo wake. Mwili ulibaki nyuma unamfuata. Alisimama njiani mara moja kushika mbavu, mara ya pili kuokota kandambili. Alipofika, ndege alikuwa ameshakufa na sisimizi washafika.

Akasema labda inatosha, alitaja jina la Mungu alipofyatua. Akaenda kumuuliza ustadhi wa madrasa. Ustadhi akamwambia jambo hilo wanazuoni wametofautiana, hasa kwa risasi hizi butu zinazoua kwa kugonga. Mume wangu akarudi ana furaha. Akamweleza baba yake.

"Waliotofautiana waje wale wao," mzee akasema. "Mimi nakula kilichochinjwa." Kisha akauliza, "Nani alikimbia?"

"Mimi, baba."

"Wewe uliyepiga?"

"Ndiyo."

Mzee akafyonza, akageukia ukutani.

Kanga yule akaenda kwa mwalimu. Na wa pili, na wa tatu. Kufa kufaana. Harufu ya kanga wa mwalimu ilikuwa inavuka mpaka wa shamba jioni, inaingia kwa dirisha la mgonjwa wetu ambaye amekataa wali. Mke wa mwalimu aliacha kununua dagaa. Mwalimu mwenyewe alianza kunenepa mashavu, na kila mume wangu akitoka na bunduki, unamwona jirani huyoo, amekaa mpakani na mfuko wa plastiki, anasubiri kwa adabu. Jumapili moja akaniambia kwa furaha, "Shemeji, leo kanisani nimemwombea bwana wako shabaha."

"Shabaha anayo!" nikampigia kelele. "Ombea miguu!"

Tulijaribu kila njia. Akalenga bawa, risasi ile nzito haikujua bawa na moyo. Akasogea karibu; kanga wakapiga kelele zao zile za kukera wakatokomea msituni. Akaanza kukimbia kila alfajiri barabarani kutafuta pumzi, akawa anaulizwa na waendao shamba anafukuzwa na nani. Siku alipoanza kupata pumzi, akiwa katikati ya mbio na kisu amekiinua juu, akatumbukia kwenye shimo lililochimbwa na mnyama muhanga. Tulimvuta mimi na mwalimu. Kifundo cha mguu kikavimba, akawa anachechemea kama bata.

Mie nilicheka siku ile mpaka nikakaa chini. Kisha niliingia kumpelekea mzee uji, nikamkuta pete yake ya fedha imetoka kidoleni yenyewe, iko sakafuni, na yeye anaitazama tu hana nguvu ya kuinama. Nikaiokota, nikamvisha, ikatoka tena. Nikaenda jikoni nikalia. Niliogopa. Mama yangu mzazi alikufa mie niko mjini napika harusi ya watu, sikumlisha hata kijiko. Huyu naye afe mikononi mwangu, jikoni kwangu, kwa njaa, mie mpishi? Nikamkasirikia yeye, nikamkasirikia mume wangu na bunduki yake, nikamkasirikia mwalimu na mashavu yake.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa. Nilikuwa kwenye mihogo, upande wa pili wa shamba, nachuma kisamvu na kile kisu kidogo cha marehemu. Mume wangu alikuwa amejilaza kwenye kichuguu chake na mguu wake mbovu, sina habari naye. Nikasikia kanga wanalia kwa fujo. Kumbe amepiga, na safari hii risasi imeparaza. Ndege akaruka kwa upande upande, anapoteza njia, akavuka shamba lote, akaja kuanguka kwenye tuta la mihogo, hatua chache kutoka nilipo. Anapigapiga mabawa. Yuko hai.

Kule mbali mume wangu akasimama kwa mguu mmoja. "Mkamate!" anapiga kelele. "Mkamateee! Hai huyo!"

Nikamrukia. Nikamkamata, nikambana chini ya goti. Roho yake ilikuwa inapiga haraka kwenye kiganja changu, lakini macho yalikuwa yameanza kulegea.

"Njoo umchinje!" nikaita.

Mume wangu akaanza kuja. Hop, hop. Akaanguka. Akainuka.

Hapa nieleze jambo ambalo kwetu halihitaji maelezo. Mwanamke hachinji. Kwenye chuo cha Kurani tulifundishwa kwamba akichinja inaliwa, hakuna neno, lakini mila ni mila. Utotoni, baba akiwa hayupo, mama alinisimamisha mlangoni na kuku mkono mmoja na kisu mkono mwingine, nisubiri mwanamume yeyote apite: muuza maji, mgeni, hata kijana wa chuoni ambaye sauti haijavunjika. Nimesimama mlangoni na kuku mara maelfu. Nimepika harusi nzima nikisubiri mwanamume wa kuchinja, moto unazimika. Na wallahi, pale kwenye mihogo, katikati ya Fukayosi, nilifanya hivyohivyo: niligeuza shingo kulia na kushoto, nikamtafuta mwanamume anayepita.

Aliyekuwa anapita ni mwalimu, na mfuko wake wa plastiki.

"Shemeji!" akaita kwa matumaini. "Kashakufa?"

Hasira ilinipanda mpaka utosini. Nikamtazama kanga, jicho linafunga. Nikamwona mzee na pete yake sakafuni. Lisilo budi hutendwa. Nikamgeuza ndege kibla, nikasema Bismillahi Allahu Akbar kwa sauti iliyofika barabarani, nikapitisha kisu. Sikutia nguvu yoyote. Kisu kile kilikwenda chenyewe, damu ikatoka nzuri, nyekundu, kama inavyotakiwa.

Mwalimu alifika akasimama. Akakunja mfuko wake polepole, akautia mfukoni. "Hongera," akasema, kwa huzuni ya kweli.

Mume wangu alipofika alikuwa na majani kichwani. Alitazama ndege, akatazama kisu, akanitazama mimi. "Umechinja wewe?"

"Kachinja nani mwingine, sungura?"

"Tumwambie baba nimechinja mimi."

"Utamwambia ulifikaje?"

Akaanza kutoa majani kichwani. Nikamwambia nimedanganya juu ya jogoo nikaumbuka, sitamdanganya mzee yule mara ya pili juu ya nyama. Akiuliza nitasema, asipouliza nitanyamaza.

Nikampika kanga yule kama vile napikia harusi ya binti yangu. Nikamchemsha kwa ndimu na tangawizi, nikamkausha kidogo juu ya makaa, ndipo nikamrudisha kwenye tui la kwanza, moto mdogo, na pilipili mbuzi moja nzima isipasuke. Wali wa nazi pembeni. Nikampelekea mwenyewe. Mume wangu akakaa mlangoni na mguu wake. Mwalimu naye alikuja, akasema amekuja kumjulia hali mtani wake, akavuta kigoda mahali ambapo sahani inaonekana.

Mzee akanawa. Akatia tonge. Akatafuna, akaacha kutafuna, kama siku ile ya jogoo, nami nikasema moyoni, yamekwisha. Kisha akatafuna tena. Akachukua paja, akalivunja. Akala. Alikula mpaka wali ukapungua, akanyonya mfupa, akauweka ukingoni mwa sahani kwa heshima.

"Nani alikimbia?" akauliza.

Mume wangu akakohoa. Mie nilikuwa nimepiga magoti na bakuli la mchuzi, na nikaona liwalo na liwe.

"Mimi, baba. Alianguka karibu yangu. Nikamchinja mimi. Ukiona haifai, nisamehe, lakini alikuwa anakata roho na mwanao alikuwa anarukaruka huko kama panzi."

Mzee akanigeukia. "Ulichinja na nini?"

Nikaenda jikoni nikaleta kisu. Nilikuwa nimekiosha. Akakipokea, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha kidole gumba kwenye makali bila kutazama, mtu aliyezoea.

"Nilidhani wamekitupa," akasema.

"Kisu cha mama?" mume wangu akauliza.

"Mimi nilikuwa na macho tu," mzee akasema. "Miguu sijawahi kuwa nayo. Nilikuwa napiga kwa mbali, mama yenu amejilaza kwenye majani kando ya kanga, kajifunika kaniki. Akianguka tu, yeye kashafika. Alikuwa na mbio yule mwanamke! Mimi nikifika, ndege kashachinjwa, ananipa kisu nikishike mimi, tunarudi nyumbani nami niko mbele." Akacheka kidogo, kicheko kikakwama. "Miaka yote mmekula alichochinja yeye. Kijiji kizima. Alinikataza nisiseme, watu wasije wakakataa kula."

Mwalimu alikuwa ameacha kutazama sahani.

"Nimemkumbuka, mwanangu," mzee akaniambia. Hakuniita mkwe. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, mikono yake ilikuwa na mchuzi. Mume wangu akainuka pale mlangoni, akaja akachechemea mpaka kitandani, akakaa karibu na baba yake, na kwa mara ya kwanza tangu tumzike mama yake nikamwona analia kwa sauti.

Mie nilikuwa sijui nifanye nini na bakuli. Nikalishika tu.

Mzee akanirudishia kisu, mpini mbele. Kisha akasukuma sahani yake kuelekea kwangu, na moyo wangu ukashuka kwa mazoea.

"Ongeza," akasema. "Na mtani naye mpe kidogo; amezoea vibudu, lakini hata huyu aliyechinjwa ataweza kumla."